Tajiri aliyepima ugwe

Nilipokuwa mtoto wa chuoni, mjomba wangu alikuwa na duka la rejareja Mji wa Kale, Mombasa, na kila alasiri baada ya kufunga msahafu nilikwenda kumsaidia. Ugwe wa kufungia vifurushi haukukatwa ovyo pale. Ukikata shubiri nzima mahali ambapo nusu ingetosha, utaisikia sauti yake kutoka uani. Basi niliposoma maisha ya marehemu Sam Walton, tajiri wa maduka wa Marekani, na kuona kuwa naye alifundishwa somo lilo hilo, nilicheka peke yangu.

Ilikuwa mwaka 1940. Walton alikuwa kijana wa miaka 22, ndio kwanza ametoka Chuo Kikuu cha Missouri, akijifunza kazi katika duka la J. C. Penney mjini Des Moines kwa mshahara wa dola 75 kwa mwezi. Siku moja Penney mwenyewe, tajiri mwenye maduka hayo, akapita kukagua, akamwonyesha namna ya kufunga mzigo wa mnunuzi kwa karatasi kidogo na ugwe mfupi, na furushi likapendeza vile vile.

Somo hilo lilimkuta ameshaiva. Alizaliwa 29 Machi 1918 karibu na mji wa Kingfisher, jimbo la Oklahoma, na udogo wake ukaangukia miaka ile ya 1930 ya ukata mkubwa. Nyumbani kulikuwa na ng'ombe: Sam akikama, mamake akitia maziwa katika chupa, na mtoto akiyapeleka kwa wanunuzi. Babake naye kazi yake ilikuwa kuchukua mashamba ya watu walioshindwa na madeni, na mara nyengine akimchukua mwanawe. Mtoto aliyeona mkulima akitolewa shambani mwake, sidhani kama ataitazama senti kama sisi tunavyoitazama.

Mwaka 1945, baada ya kutoka jeshini, alinunua duka katika mji mdogo wa Newport, Arkansas, kwa dola 25,000. Dola 5,000 zilikuwa zake, na 20,000 alikopeshwa na mkwewe. Hapo ndipo alipogundua siri yake. Uza rahisi, faida ya kila kitu iwe ndogo, lakini uuze vingi. Duka likashamiri. Kumbe katika mkataba wa pango hakutia sharti la kuuendeleza muda ukiisha! Mwenye nyumba akalitaka duka kwa ajili ya mwanawe, na mwaka 1950 Walton akatoka. Jasho la miaka mitano likabaki kwa mwenzake. Akahamia Bentonville, mji wa watu kama 3,000, akaanza upya.

Duka la kwanza la Wal-Mart alilifungua 2 Julai 1962 katika mji wa Rogers, jirani na hapo. Hata jina lenyewe lilichaguliwa kwa bei. Mmoja wa mameneja wake alimweleza kuwa herufi saba tu ni rahisi kununua, kutundika na kuwasha taa. Wakienda New York kununua bidhaa, Walton na wasaidizi wake walilala wengi chumba kimoja na kutembea kwa miguu badala ya kupanda teksi, kwani gharama za safari hazikutakiwa kuzidi asilimia moja ya bidhaa walizonunua.

Mwaka 1985 jarida la Forbes lilimtaja kuwa mtu tajiri kuliko wote Marekani. Wapiga picha wakamiminika Bentonville wakitaraji kasri, wakamkuta mzee wa kofia ya kawaida, anayenyolewa kwa kinyozi wa mjini, akiendesha pikapu nyekundu ya Ford ya mwaka 1979 na mbwa wake wa kuwindia nyuma. Yeye aliudhika na kelele hizo. Alipofariki 5 Aprili 1992, akiwa na miaka 74, maduka yake yalikuwa zaidi ya 1,700.

Lakini, ndugu msomaji, mkono wa birika una pande mbili. Kujibania mwenyewe ni jambo moja, kumbania mwenzio ni jengine. Miaka ya 1960 sheria ya kima cha chini cha mshahara ilipoyafikia maduka makubwa, Walton aliligeuza kila duka kuwa kampuni mbali, ili mauzo yasifike kiwango cha sheria. Mahakama ikamkatalia. Baadaye alikiri mwenyewe kuwa mwanzoni aliwalipa watu wake kidogo kadiri alivyoweza. Aliyemshikilia awafikirie wafanyakazi wa chini alikuwa mkewe, Helen, na mwaka 1971 nao wakaanza kutiwa katika mpango wa kugawana faida. Ni jambo kubwa, japo mishahara yenyewe iliendelea kulalamikiwa.

Nami nikamkumbuka mjomba. Kanzu yake ilikuwa na viraka, na chai akinywa bila maziwa. Ujira wangu wa wiki nzima ulikuwa mkate mmoja. Mkaza mjomba alikuwa akinisubiri mlango wa nyuma, kila Alhamisi, akinitia thumni mfukoni na kunifanyia ishara ninyamaze.