Dadasaheb Phalke na Mche wa Njegere

Sisi tulio katika biashara twajua ilivyo vigumu kumwomba mtu mtaji wa kitu asichopata kukiona. Dhundiraj Govind Phalke, mzaliwa wa Trimbak karibu na Nashik mwaka 1870, alikuwa amekwisha kuwa mpiga picha huko Godhra, Gujarat, na kisha mchapaji, alipotazama mjini Bombay filamu ya maisha ya Yesu Kristo. Akatamani kuwaona Rama na Krishna wakitembea vivyo hivyo kwenye pazia.

Aliweka rehani bima yake ya maisha, akaenda London mwaka 1912 kujifunza, kisha akaagiza kamera. Wenye fedha walisita. Basi akapanda njegere chunguni, akaipiga picha siku baada ya siku, hata watazamaji wakauona mche ukichipua na kukua mbele ya macho yao. Ndipo mkopo ukapatikana, dhamana ikiwa ni mapambo ya mkewe, Saraswatibai. Naye ndiye aliyetoboa matundu ya utepe wa filamu na kuwapikia waigizaji wote.

Wanawake walikataa kuigiza, kwa kuwa kazi hiyo ilihesabiwa aibu. Malkia Taramati akaigizwa na Salunke, mpishi wa mkahawa! Mwana wa mfalme aliigizwa na Bhalchandra, mtoto wa Phalke mwenyewe. Tarehe 3 Mei 1913, Raja Harishchandra, kisa cha mfalme aliyetoa vyote alivyokuwa navyo ili atimize ahadi, ilifunguliwa kwa umma wa Bombay katika ukumbi wa Coronation.