Sir Joseph Banks na Mimea Iliyotekwa Vitani

Askari ajua nyara ni nini: silaha za adui, merikebu yake na shehena yake. Lakini je, mimea mikavu iliyobanwa katika karatasi nayo ni nyara? Swali hilo lilimkabili Mwingereza Sir Joseph Banks mwaka 1796, nchi yake ikipigana na Ufaransa tangu 1793.

Banks alizaliwa London mwaka 1743. Aliizunguka dunia pamoja na Nahodha Cook, 1768 hadi 1771, akikusanya mimea. Na tangu 1778 hata kufa kwake mwaka 1820 alikuwa Rais wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza.

Mwenye mimea tuliyoitaja alikuwa Mfaransa, Labillardière, mfuasi wa mapinduzi. Aliondoka kwao mwaka 1791 katika msafara wa kumtafuta nahodha La Pérouse, aliyepotea baharini. Msafara ulivunjika Java. Maofisa wake, waliokuwa watu wa mfalme, walijiweka chini ya Waholanzi. Labillardière akatiwa kizuizini, na makasha yake yakapelekwa Ulaya bila yeye. Njiani yakaangukia mikononi mwa Waingereza. Mrithi wa mfalme wa Ufaransa, akiwa uhamishoni, akamkaribisha Malkia wa Uingereza achague humo apendacho.

Wafaransa walipomwandikia Banks, aliwaendea mawaziri wake. Alishika kwamba heshima ya kuutangaza mmea mpya ni ya yule aliyehangaika kuutafuta. Tukumbuke kwamba humo mlikuwamo mimea ya Australia, nchi aliyoifikia yeye mwenyewe mwaka 1770. Kishawishi hakikuwa kidogo. Makasha yakarudishwa, naye akamwandikia Jussieu, bingwa wa mimea wa Paris, kwamba hakubakiza hata jani moja. Kati ya 1804 na 1806 Labillardière akachapisha kitabu chake juu ya mimea ya Australia.

Wapo waliomchukia Banks kwa barua hizo. Mwaka 1802 alishambuliwa hadharani nchini kwake kwa kuwashukuru mno wanachuoni wa Paris waliompa uanachama.

Wala barua hazikufua dafu kila mara. Desemba 1803 Nahodha Flinders, aliyetumwa Australia kwa juhudi za Banks, alizuiliwa Mauritius, kisiwa kilichokuwa cha Ufaransa. Banks aliandika Paris. Idhini ya kumwachia ilitolewa mwaka 1806. Gavana wa kisiwa hakumwachia mpaka 1810.