Denis Burkitt

Denis Parsons Burkitt (28 Februari 1911 – 23 Machi 1993) alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda. Anajulikana hasa kwa kueleza saratani ya watoto inayoitwa leo limfoma ya Burkitt.

Maisha ya awali

Burkitt alizaliwa Enniskillen. Baba yake alikuwa mhandisi aliyechora ramani za maeneo ya ndege. Akiwa na umri wa miaka 11 Denis alipoteza jicho moja katika ajali. Alianza kusomea uhandisi katika Trinity College, Dublin, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Ombi lake la kazi Afrika Magharibi lilikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alihudumu katika jeshi la Uingereza, pia nchini Kenya na Somalia. Mwaka 1946 alipelekwa Lira, Uganda, na baadaye Hospitali ya Mulago, Kampala.

Uvimbe wa taya

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Muda mfupi baadaye Burkitt alimwona mtoto mwingine wa namna hiyo Jinja, ambaye alikuwa pia na uvimbe tumboni. Alipopitia kumbukumbu za hospitali aligundua kwamba uvimbe wa taya na ule wa figo, ovari na viungo vingine vya tumbo mara nyingi uliwapata watoto walewale. Ulikuwa ugonjwa mmoja. Alichapisha maelezo yake mwaka 1958, na mwanapatholojia George O'Conor alisaidia kuthibitisha kwamba ni limfoma.

Picha za eksirei zilikuwa na nafasi yake katika utambuzi. Mstari mweupe mwembamba unaozunguka mizizi ya meno hupotea mapema, hivyo eksirei iliweza kuonyesha sehemu ya taya iliyoathirika kabla uso haujavimba. Hata hivyo picha peke yake haikutosha kutaja aina ya uvimbe. Ilihitajika kukata kipande na kukichunguza kwa hadubini. Kujua ugonjwa umeenea wapi kulikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu mtoto mwenye uvimbe wa taya pekee alikuwa na matumaini zaidi kuliko yule ambaye ugonjwa umefika tumboni au kwenye ubongo.

Safari ya 1961

Burkitt alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika akiuliza kama uvimbe huo umeonekana. Oktoba 1961 yeye, Ted Williams na Cliff Nelson waliondoka Kampala kwa gari kuukuu. Kwa wiki 10 walisafiri takriban kilomita 16,000 kupitia Tanganyika, Nyasaland (leo Malawi), Rhodesia na Msumbiji hadi Afrika Kusini, wakitembelea hospitali zaidi ya 50.

Ramani waliyopata ilionyesha ukanda wa takriban nyuzi 15 kaskazini na kusini mwa ikweta, wenye joto na mvua ya kutosha. Karibu na ikweta uvimbe ulikuwa nadra juu ya mita 1,500, na mpaka huo ulishuka kadiri ya umbali kutoka ikweta. Songea, iliyo karibu nyuzi 11 kusini, imo ndani ya latitudo hizo. Ukanda huo ulifanana na maeneo ya malaria, na uhusiano wa magonjwa hayo mawili ulikuja kutiliwa mkazo na watafiti.

Virusi na matibabu

Machi 1961 Michael Epstein alisikiliza hotuba ya Burkitt London, akaomba vipande vya uvimbe kutoka Uganda. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza virusi vya Epstein-Barr, virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Upasuaji uliharibu uso bila kuponya, na Uganda haikuwa na mashine za tiba ya mionzi. Burkitt alijaribu dawa kama methotreksati na saiklofosfamidi. Baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache tu. Kituo cha matibabu ya limfoma kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 kilikuwa chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Miaka ya mwisho

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966. Huko alieneza wazo kwamba vyakula vyenye nyuzinyuzi, kama vile vya vijijini Afrika, hukinga maradhi mengi ya utumbo. Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Alifariki Gloucester mwaka 1993, akiacha mjane, Olive, na mabinti watatu.