Alexander Mackay, Fundi wa Uganda

Wengi wetu hapa Kabingo, Nakivale, twatamani uinjinia, nami ni mmoja wao. Kwa hiyo nawaletea habari za Alexander Mackay.

Alizaliwa Uskoti mwaka 1849. Baba yake, mchungaji wa kijijini, alimfundisha nyumbani mpaka umri wa miaka 14. Angali mtoto alitembea maili nyingi kwenda stesheni kuitazama injini ya gari moshi kwa dakika chache tu, kisha akarudi kwa miguu. Huko Edinburgh alisomea kwanza ualimu, ndipo uinjinia. Tena alifanya kazi karakanani ili mikono nayo ijifunze.

Alifika Buganda mwaka 1878. Alichonga herufi za mbao akapiga chapa karatasi za kusomea, akachimba kisima na kukitia bomba. Watu wakamwita Mzungu wa kazi. Alifariki kwa homa mwaka 1890, kusini ya Ziwa Victoria.

Mimi nyumbani sina karakana, ila nina daftari la hesabu na baiskeli mbovu za majirani. Wenzangu, tusingoje chuo kikuu. Asiyeshika hisabati na fizikia sasa, mlango wa uinjinia ataukuta umefungwa.