Lester Patrick, Mkanada aliyeuza timu nzima ng'ambo ya mpaka

Mwaka 1926 mji wa Victoria, ulioko kisiwani katika pwani ya magharibi ya Kanada, ulipoteza timu iliyokuwa fahari yake. Timu hiyo haikushushwa daraja wala haikuvunjwa kwa ugomvi. Wachezaji wake waliuzwa kwa mkupuo, dola 100,000, kwa matajiri wa Detroit nchini Marekani. Kocha na mwenye timu alikuwa Lester Patrick, mtu yule yule aliyekuwa ameuletea mji huo ubingwa mwaka mmoja tu kabla.

Mchezo wenyewe ni hoki ya barafuni. Wachezaji sita kila upande huteleza kwa viatu vyenye makali chini, wakigombea kisahani kigumu cha mpira kwa magongo. Kikombe kikubwa kuliko vyote ni Kombe la Stanley, na maisha ya Patrick yalizunguka kikombe hicho na mpaka wa nchi mbili.

Alizaliwa tarehe 31 Desemba 1883 huko Drummondville, Quebec. Baba yake, Joe Patrick, alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Lester alicheza beki, na mapema alijulikana kwa kufanya jambo ambalo mabeki wa wakati huo hawakulifanya: kuchukua kisahani nyuma na kupanda nacho hadi golini kwa wapinzani. Akiwa na timu ya Wanderers ya Montreal alitwaa Kombe la Stanley mwaka 1906 na tena 1907.

Baadaye alihamia Nelson, katika jimbo la British Columbia, kufanya kazi na baba yake kwenye mbao. Soko likamfuata huko huko. Mwaka 1909 mji mdogo wa Renfrew, Ontario, ulikuwa na tajiri aliyetaka kikombe kwa gharama yoyote. Lester alilipwa dola 3,000 kwa msimu mmoja usiozidi miezi michache, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Mdogo wake Frank alikwenda naye. Renfrew haikupata kikombe, lakini ndugu hao wawili walirudi wakiwa wamejifunza kwamba kuna watu wanaolipa vizuri kuangalia hoki, na kwamba anayepata zaidi si mchezaji bali mwenye ukumbi.

Mwaka 1911 baba yao aliuza kampuni ya mbao, na familia ikaingiza mtaji wote kwenye mchezo. Uamuzi huo ungeweza kuwafilisi. Pwani ya magharibi ya Kanada haina baridi kali, kwa hiyo barafu ya asili haidumu. Walichofanya ni kujenga kumbi mbili, moja Victoria na nyingine Vancouver, na kutandaza mabomba chini ya sakafu. Maji ya chumvi yaliyopoozwa kwa mashine yalipita ndani ya mabomba hayo na kugandisha maji yaliyomwagwa juu. Zilikuwa kumbi za kwanza za barafu ya mashine nchini Kanada. Januari 1912 ligi yao ilianza, Lester akishika Victoria na Frank akishika Vancouver. Wachezaji waliwatoa mashariki kwa kuwapandia dau.

Ligi hiyo haikusimama mpakani. Mwaka 1914 iliingiza timu ya Portland na mwaka uliofuata Seattle, zote za Marekani. Wasimamizi wa Kombe la Stanley, lililoanzishwa kwa ajili ya Kanada peke yake, walikubali timu za Marekani zilishindanie. Mwaka 1917 Seattle ikawa timu ya kwanza ya Marekani kulichukua.

Ndugu hao pia walibadili sheria ili mchezo uende kasi. Kabla yao kisahani hakikuruhusiwa kupasiwa mbele, kama ilivyo katika raga. Wao walichora mistari ya buluu kugawa uwanja na kuruhusu pasi za mbele katika eneo la kati. Walimruhusu golikipa kujitupa chini kuzuia. Mengi ya hayo yalichukuliwa baadaye na ligi ya NHL ya mashariki.

Njia haikuwa tambarare. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia jeshi lilichukua ukumbi wa Victoria. Lester akahamishia timu Spokane, Marekani, lakini watazamaji walikuwa haba na msimu mmoja ulitosha kumwonyesha kwamba soko halipo. Msimu uliofuata alikwenda Seattle, kisha akarudi Victoria. Taratibu aliacha kucheza, akabaki kocha.

Mwaka 1925 Victoria iliwafunga Canadiens wa Montreal na kutwaa Kombe la Stanley. Haijatokea tena timu ya nje ya NHL kulichukua. Lakini kikombe hakikulipa mishahara. NHL ilikuwa imeanza kuingia miji mikubwa ya Marekani, yenye kumbi kubwa na viingilio vya juu, na miji midogo ya magharibi haikuweza kushindana nayo kwa bei. Hesabu ya ndugu hao ilikuwa wazi: wakingoja, wachezaji wataondoka mmoja mmoja bila malipo, wakiuza mapema na kwa jumla, watapata bei. Frank ndiye aliyeongoza mazungumzo, na wachezaji wa ligi wakagawanywa Boston, Chicago na Detroit. Wenye mali walinusuru mtaji wao, na mashabiki wa Victoria wakabaki mikono mitupu.

Lester mwenyewe alivuka. Mwaka huo huo aliajiriwa kuwa kocha na meneja wa timu mpya ya New York Rangers. Wamarekani wengi wa mji huo hawakuujua mchezo, na kazi yake ikawa kufundisha wachezaji na wateja kwa pamoja.

Kilichomfanya jina lake lidumu kilitokea usiku wa tarehe 7 Aprili 1928. Rangers walikuwa Montreal kwenye fainali dhidi ya Maroons, wakiwa wameshapoteza mchezo wa kwanza. Mechi zote zilichezwa huko kwa sababu ukumbi wao wa New York ulikuwa umepangishwa kwa sarakasi. Kipindi cha pili golikipa wao, Lorne Chabot, alipigwa na kisahani jichoni akashindwa kuendelea. Enzi hizo timu ilikuwa na golikipa mmoja tu. Jukwaani alikuwepo Alex Connell, golikipa wa Ottawa, lakini Maroons walikataa asitumike. Patrick, mwenye umri wa miaka 44, nywele zimeshaanza kuwa na mvi, alivaa vifaa vya Chabot akaingia golini. Wachezaji wake walijipanga mbele yake kuwazuia Maroons wasipige kwa karibu. Alifungwa mara moja tu, na Rangers wakashinda 2-1 katika muda wa nyongeza. Siku chache baadaye, kwa golikipa wa kuazimwa, walichukua kikombe.

Alikichukua tena mwaka 1933 na kuacha ukocha mwaka 1939, akibaki meneja. Mwaka 1940 Rangers walishinda wakiwa na wanawe wawili, Lynn na Muzz, ambao nao baadaye wakawa makocha.

Alipomaliza kazi New York alirudi Victoria. Ukumbi alioujenga na familia yake ulikuwa umeteketea kwa moto mwaka 1929. Mji ulipopata ukumbi mpya mwaka 1949, yeye ndiye aliyeurudishia timu ya kulipwa, kwa jina lile lile la Cougars lililokuwa limeuzwa Detroit.

Alifariki Victoria tarehe 1 Juni 1960, na Frank akamfuata kabla mwezi huo haujaisha. Tangu 1966 tuzo yenye jina lake hutolewa kwa waliotumikia hoki nchini Marekani, nchi ambayo hakuzaliwa.