Daktari wa watoto wenye njaa aliyezeeka akiuliza kuhusu vitambi

Unakumbuka ile picha ya kitabu cha Sayansi cha primary? Mtoto ana tumbo kubwa, miguu imevimba, nywele zimepauka na kuwa nyekundu nyekundu. Kwashiorkor. Mtaani tuliligeuza kuwa jina la kumchokoza yeyote mwenye tumbo. Basi mmoja wa watu waliofanya neno hilo lifike kwenye kitabu chako alianza kazi hapa hapa Kenya. Alikosea ugonjwa kwa miaka kadhaa, akakubali amekosea, halafu uzeeni akageukia shida ya upande wa pili kabisa, yaani mafuta yaliyozidi mwilini.

Anaitwa Hugh Trowell. Mimi pia sikuwa namjua. Nilikutana na jina lake nikitafuta jibu la swali moja linalonisumbua: mathe wangu, aliyeishi miaka yote hapa Soweto West akihesabu shilingi, alipataje kisukari? Si tuliambiwa huo ni ugonjwa wa wadosi?

Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904, akasomea udaktari katika hospitali ya St Thomas's, London. Mwaka 1929 alikuja Kenya kama daktari wa serikali ya mkoloni, akiwa na mkewe Margaret. Kama wewe ni mtu wa sanaa, huenda mke unamjua kuliko mume. Akiwa Machakos, Margaret alivutiwa na kazi za mikono za Wakamba, na baadaye akaanzisha shule ya sanaa Makerere ambayo hadi leo ina jina lake. Elimo Njau wa Paa ya Paa alipitia kwake. Lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Rudi kwa daktari. Ile Kenya aliyoikuta, ukiifikiria ukiwa hapa mtaani, inashangaza. Mwaka huo huo wa 1929, daktari mwingine aitwaye Donnison, aliyefanya kazi South Kavirondo, yaani pande za Kisii na Migori za leo, alichapisha vipimo vya presha vya Waafrika 1,000. Kwa Wazungu, presha ilijulikana kupanda kadiri mtu anavyozeeka. Kwa hawa watu wa Kavirondo haikupanda. Unene wa kupindukia na kisukari navyo vilikuwa nadra. Trowell alilibeba hilo kichwani kwa miaka 40, lakini kwanza alikuwa na watoto wa kuwahudumia.

Hao watoto walikuwa wanakufa. Walikuja wamevimba, ngozi inabanduka, hawataki kula wala kucheza. Trowell alidhani ni pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini fulani. Ilipojulikana mwaka 1937 kwamba vitamini hiyo inatibu pelagra, watoto walipewa, na haikusaidia. Wakati huo Cicely Williams, daktari mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa Gold Coast, Ghana ya leo, alikuwa ameshaandika tangu 1933 kwamba huu ni ugonjwa tofauti. Mwaka 1935 akaupa jina lililotoka kwa akina mama Waga wenyewe: ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa kwa sababu mwingine amezaliwa. Wakubwa wa udaktari London hawakumsikiliza, na Trowell pia alichelewa kuliona. Naona hapo kuna funzo kuhusu nani husikilizwa, lakini tusimame kwenye maini.

Ndiyo, maini. Trowell alihamia Uganda mwaka 1935, kwenye hospitali ya Mulago na chuo cha Makerere, na huko yeye na wenzake walikuwa wakikuta maini ya watoto hawa yamejaa mafuta. Hebu fikiria, mtoto aliyekosa chakula ana ini lenye mafuta kama la mzee wa nyama choma. Na si ini tu. Mwenye njaa ile nyingine, marasmasi, hubaki mifupa na ngozi, lakini wa kwashiorkor anaweza kubaki na mafuta chini ya ngozi huku misuli yake ikiyeyuka. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mtoto alikuwa akipata wanga, uji wa muhogo au matoke, lakini protini haitoshi, na bila protini ini halina kitu cha kubebea mafuta kuyatoa nje. Yanajazana humo humo. Hata leo wataalamu bado wanabishana ni nini hasa humfanya mtoto mmoja apate hii na jirani yake apate ile.

Maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta yaliokoa wengi. Mwaka 1954 Trowell, pamoja na Davies na Dean, walitoa kitabu kizima kuhusu kwashiorkor.

Hapo mtu mwingine angestaafu na medali yake, na kweli mwishoni mwa miaka ya 1950 aliondoka Uganda, akarudi Uingereza na kuwa kasisi wa Kianglikana. Lakini mwaka 1960 alitoa kitabu kingine, na kwangu hiki ndicho kinachomtofautisha. Madaktari wa wakoloni walizoea kuandika kuhusu malaria na minyoo. Yeye aliandika kuhusu magonjwa yasiyoambukizwa Afrika, mengine akayaorodhesha kwa sababu alikuwa hayaoni. Mwaka 1956 tu, yeye na Singh walikuwa wameripoti kwenye jarida la udaktari la Afrika Mashariki mgonjwa mmoja Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mmoja, na alistahili makala nzima!

Kufikia miaka ya 1970 alikuwa amerudi kwenye utafiti, akiungana na Denis Burkitt, yule daktari wa Mulago ambaye jina lake limebaki kwenye saratani ya taya za watoto. Wazo lao lilikuwa hili: kiwandani, nafaka ikikobolewa, kinachotupwa ni nyuzinyuzi. Chakula chenye nyuzinyuzi unakitafuna sana, kinajaza tumbo mapema, sukari yake inaingia kwenye damu polepole. Kikikobolewa kinateleza tu, na unakuwa umekula nguvu nyingi kabla tumbo halijasema limeshiba. Mwili unaweka akiba, na akiba ni mafuta. Trowell alionyesha pia kwamba vifo vya kisukari vilipungua Uingereza wakati wa vita, serikali ilipolazimisha mkate wa unga usiokobolewa sana.

Kuna shimo katika hoja hiyo, na wapinzani waliliona: wakati wa vita sukari, nyama na siagi navyo vilikuwa kwa mgao. Utajuaje ni mkate uliosaidia? Tena mkoloni alijuaje wagonjwa wangapi walikuwa vijijini bila hospitali wala kipimo? Mimi nadhani Trowell aliweka mzigo mkubwa mno kwenye nyuzinyuzi. Na mafuta ya mwili si gunia la akiba tu. Mwaka 1994, miaka mitano baada ya kifo chake, watafiti Marekani waligundua leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta hayo yenyewe kuuambia ubongo kuna akiba kiasi gani. Hilo hakuliona.

Lakini swali lake lilikuwa zuri. Madaktari wengi huuliza kwa nini huyu ni mgonjwa. Yeye aliuliza kwa nini wale hawakuwa wagonjwa, na ni nini kimebadilika.

Jibu moja lilipimwa kwa watu kama majirani zangu. Mwaka 1990, mwaka mmoja tu baada ya Trowell kufa, timu ya Neil Poulter ilichapisha utafiti uliofuata Wajaluo waliotoka vijijini karibu na ziwa wakaja kutafuta kazi Nairobi. Ndani ya miezi michache mjini presha yao ilikuwa juu kuliko ya waliobaki nyumbani. Walikuwa na uzito zaidi, wakila chumvi zaidi na potasiamu kidogo. Hawakuwa wametajirika. Walikuwa wamepanda basi tu.

Sasa tembea nami kutoka stendi hadi kwetu saa moja jioni. Mandazi, chapo, chips, smokie, yote kwa bei ya mfuko wako, moto na tayari. Githeri inataka masaa jikoni, na masaa hayo ni makaa au gesi ya mtu, baada ya kutoka job Industrial Area kwa miguu. Kwa hiyo ukisikia mtu mtandaoni akisema maskini hanenepi, mwonyeshe takwimu za serikali: uchunguzi wa 2008-09 ulikuta robo ya wanawake wa Kenya wana uzito uliozidi, na ule wa 2014 ukakuta theluthi. Na kwenye ploti hiyo hiyo unaweza kukuta mtoto aliyedumaa na mamake mwenye kisukari, wanakula sufuria moja.

Mathe aliambiwa kwenye kliniki fulani apunguze kula hovyo. Alirudi amenyamaza, maana hovyo hiyo ndiyo bajeti yake. Dawa anameza. Na siku hizi hanunui unga wa paketi. Ananunua mahindi kwa gorogoro, anayapeleka posho mill mwenyewe na kumsimamia jamaa wa mashine asikoboe. Ugali unatoka mzito, wenye rangi yake. Mdogo wangu bado anaukataa, anasema ni wa ushago.