Mary Slessor: mfumaji wa Dundee aliyewalea watoto waliotupwa porini Calabar

Mapacha wanapozaliwa siku hizi, furaha huwa mara mbili. Salamu zinatumwa redioni, majirani wanakuja na kanga mbili, na kwa wengi wetu majina yako tayari: Kulwa na Doto. Lakini haikuwa hivyo kila mahali wala kila wakati. Zamani, hata katika baadhi ya jamii za Afrika Mashariki, mapacha waliogopwa. Na katika eneo la Calabar, kusini mashariki mwa nchi ambayo leo ni Nigeria, hofu hiyo iliwagharimu watoto uhai wao na mama zao makazi yao.

Katika makala hii tunamwangalia mwanamke aliyeishi na hofu hiyo mlangoni kwake kwa karibu miaka 40. Jina lake Mary Slessor.

Mtoto wa kiwandani

Mary alizaliwa tarehe 2 Desemba 1848 katika mji wa Aberdeen, Scotland. Baba yake, Robert, alikuwa fundi viatu, na alikuwa mlevi. Kazi ikamponyoka, na mwaka 1859 familia ikahamia mji wa viwanda wa Dundee kutafuta maisha. Mama yake alikuwa mfumaji.

Akiwa na umri wa miaka 11, Mary naye aliingia kiwandani. Nusu ya siku alifanya kazi na nusu ya siku alisoma katika shule ya kiwanda. Alipofika miaka 14 alikuwa mfumaji kamili, akisimama mbele ya mashine kutoka alfajiri hadi jioni. Alizoea kuegesha kitabu juu ya mashine ili asome mistari michache huku mikono ikiendelea na kazi. Mshahara wake ulikuwa tegemeo la nyumba, kwa sababu wa baba ulikuwa ukiishia kilabuni.

Jioni alifundisha watoto wa mitaa ya mabanda. Husimuliwa kwamba kundi la vijana wakorofi lilimzingira, na kiongozi wao akaanza kuzungusha kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba, kila mzunguko kikikaribia uso wake. Mary hakurudi nyuma. Kijana yule akaishia kukiangusha, na yeye na wenzake wakaingia darasani.

Habari iliyopita Bagamoyo

Hapa historia yake inagusa pwani yetu. Mei 1873, David Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo, ukavushwa Zanzibar, na Aprili 1874 ukazikwa London. Habari hiyo iliitikisa Scotland, alikozaliwa Livingstone. Vijana wengi walijitolea kwenda Afrika. Mmoja wao alikuwa yule mfumaji wa Dundee.

Agosti 1876, akiwa na miaka 27, alipanda meli kwenda Calabar chini ya misheni ya Kanisa la United Presbyterian. Bandarini alishuhudia mapipa ya pombe kali yakipakiwa kwenye meli ile ile. Kwa binti wa mlevi, hilo halikuwa jambo dogo. Pombe hiyo hiyo angekutana nayo tena vijijini, ikichochea ugomvi na vifo.

Kwa nini mapacha walitupwa

Watu wengi wa eneo hilo waliamini kwamba mwanamke hawezi kupata watoto wawili kwa mume mmoja. Mmoja lazima awe mtoto wa pepo mbaya, na kwa kuwa hakuna aliyejua ni yupi, wote wawili waliondolewa. Walitiwa ndani ya chungu au walitupwa porini. Mama yao alionekana amechafuka na alifukuzwa. Mtoto mchanga ambaye mama yake amefariki naye mara nyingi hakuwa na wa kumlea.

Mary alijifunza lugha ya Kiefik mpaka akaizungumza kama mwenyeji. Akihudumu Old Town aliishi kwa chakula cha wenyeji, kwa sababu sehemu ya mshahara wake ilikwenda kwa mama yake Scotland. Na alianza kupokea watoto. Mmoja wa wa kwanza alikuwa msichana aliyempa jina la dada yake, Janie. Pacha wake wa kiume alirudi mikononi mwa ndugu zake akauawa. Tangu hapo Mary alijifunza jambo moja: kumwokoa mtoto ni kazi ya usiku mmoja, lakini kumlinda ni kazi ya miaka. Kuzaa si kazi, kazi kulea.

Malaria ilipomlazimu kurudi Scotland kwa mapumziko, alimchukua Janie akaenda naye.

Njia mpya msituni

Mwaka 1886 mama yake na dada yake walifariki, wakifuatana kwa miezi michache. Hakuwa tena na wa kumtumia pesa wala wa kumwandikia barua nyumbani. Miaka miwili baadaye, mwaka 1888, akahamia Okoyong, eneo ambalo wengi waliliogopa. Mfalme Eyo wa Creek Town alimpa mtumbwi wake wa kusafiria, naye akaingia humo na watoto wake wa kulea.

Huko Okoyong ndiko kulitokea kisa cha Iye, mwanamke mtumwa aliyejifungua mapacha. Vyungu vyake vilivunjwa, vitu vyake vikatupwa nje, na watoto wakasukumiwa ndani ya sanduku. Iye akafukuzwa akiwa na sanduku hilo kichwani. Mary alikwenda kumlaki, akalichukua yeye mwenyewe. Lakini hakuweza kupita njia ya kawaida. Kama mapacha wangepita pale, hakuna mtu ambaye angethubutu kuikanyaga tena. Ikabidi asubiri wakati watu wakifyeka njia nyingine msituni hadi nyumbani kwake.

Mtoto wa kiume alifariki. Wa kike aliishi, akaitwa Susie, akawa kipenzi cha nyumba ile. Kabla hajatimiza miaka miwili aliungua kwa maji ya moto naye akafariki. Mary aliomboleza kama mzazi yeyote.

Lakini tusidhani alifanya kazi peke yake. Ma Eme, dada wa chifu Edem wa Ekenge, alikuwa macho na masikio yake. Hakuwahi kuacha dini ya kwao, lakini alichukia umwagaji damu. Palipokuwa na hatari, alituma chupa kwa Mary kana kwamba anaomba dawa, na Mary akajua kwamba usiku ule asilale. Bila mwenyeji huyo, mambo mengi yangemshinda mgeni.

Gharama na mamlaka

Aliwahi kuchumbiwa na mwalimu wa misheni, Charles Morrison, kijana mdogo kwake kwa miaka kama 18. Afya ya kijana huyo haikuruhusu kuishi Okoyong, na misheni ikakataa kumpeleka. Mary hakukubali kuwaacha watoto na watu wake. Ndoa ikafa.

Mwaka 1892 serikali ya Uingereza ilimfanya mwakilishi wake Okoyong, na baadaye alisikiliza kesi katika mahakama ya Ikot Obong. Hapa pana jambo la kulitazama kwa macho mawili. Mamlaka yale yalimsaidia kuwatetea wanawake, wajane na watumwa, na kupinga hukumu ya kunywesha watu sumu ya maharage ya esere. Lakini ni mamlaka ya ukoloni, utawala ambao watu wa Calabar hawakuuchagua. Yeye alisimama katikati, na mara nyingi alizuia bunduki kwa kuzungumza.

Kilichomtofautisha na wafadhili wengi ni kwamba hakuishia kwa mtoto. Aliwatafutia mama wa mapacha mahali pa kuishi na ardhi ya kulima huko Use, ili wasitegemee huruma. Alisisitiza pia mafunzo ya ufundi, na taasisi ya Hope Waddell ilianzishwa Calabar mwaka 1895. Kidogo kidogo, familia zilianza kuwapokea tena wanawake waliowafukuza.

Miaka ya mwisho miguu ilimshinda, akawa anavutwa kwenye kigari kidogo kutoka kijiji hadi kijiji. Alifariki Use tarehe 13 Januari 1915, akiwa na miaka 66, akizungukwa na mabinti aliowalea. Alizikwa Calabar kwa heshima za serikali.

Leo sanamu yake iko Calabar, amebeba mapacha. Benki moja ya Scotland iliweka sura yake kwenye noti ya pauni 10.

Katika kanda yetu bado wapo watoto wanaoachwa kwa sababu ya imani, umaskini au aibu, na wapo wema wanaotuma michango kutoka mbali. Michango hiyo inahitajika. Lakini maisha ya Mary Slessor yanatuachia swali la ziada: baada ya mtoto kuokolewa, nani anakwenda kuzungumza na familia, ili mama yake naye arudi nyumbani kwa njia ile ile wanayopita watu wote?